Chumba Alichonitungia Mzee

Mwanzoni chumba kilikuwa na dirisha. Nakumbuka kwa sababu dirisha ndilo lililokuwa langu: mwanamke anapanda juu ya kiti, anachungulia nje, anaona theluji na mtu anapita mbali na mbwa wake, na hapo sauti inapanda, inapanda tena, mpaka kwenye nota ambayo ukiishika sawasawa unahisi mtu amekufungulia kichwa. Kisha Alhamisi moja nikafika kwa Mzee nikakuta amelifuta. Mwanamke hana tena pa kuchungulia.

"Hivi ni bora," Mzee alisema, huku akipangusa mabaki ya kifutio kwenye piano kwa mkono wa sweta. "Mtu aliyefungiwa haoni kitu."

"Ndiyo, Mwalimu," nikamjibu. Jibu hilo nimelitoa maishani mwangu mara nyingi kuliko amina.

Mzee alikuwa Mjerumani, mtunzi wa opera na mwalimu wa waimbaji. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao watu hawasemi, wanaimba kila kitu, hata wakiombana chumvi. Ndivyo alivyomweleza mama yangu siku walipokutana, na Mama akaniuliza kwa Kiswahili kama huyu mtu ni mzima. Alikuwa mzima kabisa. Alifundisha miaka mingi kwenye chuo cha muziki hapa Toronto, wanafunzi wake wakaenda kuimba kwenye majumba makubwa ya Ulaya, yeye akazeekea St. James Town, ghorofa za juu, kwenye nyumba ambayo sebule yake ilimezwa na piano kubwa nyeusi. Ukitaka kwenda jikoni ilibidi upite kwa ubavu.

Opera aliyokuwa anaitunga nilipomjua alisema ni ya mwisho, na ilikuwa na mtu mmoja tu. Mume anatoka asubuhi, anamfungia mkewe mlango kwa nje, anafia njiani. Hakuna mwingine anayejua kwamba mle ndani kuna mtu. Hadithi ndiyo hiyo. Inayobaki ni mwanamke kuimba akiwa amefungiwa, kwa Kijerumani, mpaka mwisho. Na sauti aliyomtungia ilikuwa yangu, pumzi kwa pumzi, kama fundi anavyokukatia gauni ukiwa umesimama mbele yake. Tatizo ni kwamba gauni lile halikuwa na zipu.

Niseme nilivyoingia. Kanisa letu, la watu wa Burundi na Kongo, hukodi ukumbi wa kanisa la wazungu karibu na mtaa wetu wa Dixon, Jumapili mchana, wenyewe wakishamaliza ibada yao. Mzee ndiye aliyekuwa akiwapigia kinanda. Jumapili moja alisahau miwani, akarudi, akatukuta kwaya tunajifunza wimbo. Sisi hujifunza kama tulivyojifunza kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma: kwanza do re mi tupu, kila sauti na mstari wake, mwalimu wa kwaya akituandikia kwenye karatasi kubwa ukutani. Majina ya nota yakishakaa mdomoni ndipo tunayavisha maneno. Mzee alisimama mlangoni na miwani yake mkononi mpaka tukamaliza. Kisha akaninyooshea kidole. Kwetu kumnyooshea mtu kidole ni kutafuta ugomvi, na mwalimu wa kwaya alinisogelea upesi akidhani nimevunja kitu cha watu.

Nilikubali kwa furaha, sitadanganya. Nilikuwa nafanya kazi Malton, karibu na uwanja wa ndege, kwenye jiko linalopakia vyakula vya abiria. Shifti nzima umevaa koti ndani ya chumba cha baridi, unaweka kipande cha kuku, unaweka karoti, unafunika, unasukuma, na huko nje unasikia ndege zinavyoondoka na chakula chako. Mtu akija akakuambia una kitu kooni ambacho wengine hawana, utamsikiliza. Alhamisi ilikuwa siku yangu ya mapumziko, akaichukua. Akanipa na sharti: nisiimbe tena kwaya. Kwaya, alisema, inaisukuma sauti kifuani na kuichakaza. Atakachojenga yeye Alhamisi, Jumapili itakibomoa.

"Mpaka opera iishe," alisema. "Ikishaimbwa, uko huru."

Tangu siku ile mpaka mwisho nilitaka kitu kimoja tu: ile opera iishe, iimbwe, nami nitoke na sauti yangu yote, nirudi kusimama mahali pangu mbele, sauti ya kwanza, karibu na mwalimu wa kwaya. Haikuisha. Mzee aliandika, akafuta, akaandika. Majira ya baridi yalikuja na kwenda, na mwanamke wangu bado alikuwa ndani.

Kanisani nilikaa kitini kando ya Mama kama mgeni. Kina mama wa kwaya walifikiri naumwa, kisha wakafikiri nina mimba, kisha wakaacha kufikiri. Nafasi yangu alipewa binti mmoja mwenye sauti nyembamba, na kila alipozifikia nota za juu nilijing'ata ulimi. Pasaka moja nilishindwa kujizuia. Nilisimama na wenzangu kwenye pambio, nikafungua mdomo, na kilichotoka sikukitambua. Kilikuwa kikubwa, cha mviringo, kimefunika watu wote. Mtoto wa jirani yetu aligeuka akamwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba anti anaimba kama kwenye filamu. Watoto wakacheka. Nikakaa. Kwa Mzee niliambiwa kwaya itaniharibu, na kwenye kwaya nilikuwa nimeshaharibika. Nikabaki na vizimba viwili na ufunguo wa hata kimoja sina.

Kuna jambo ambalo Mzee hakulijua, na mimi sikuwaza kumweleza kwa sababu kwetu hakuna anayeelezwa. Mtu akianzisha wimbo, kanisani au msibani, sauti ikamkatika, anapokewa. Anapokewa kama anavyopokewa mtu mwenye ndoo kichwani. Siku tuliyomzika baba kule kambini nilikuwa bado msichana, nikaambiwa nianzishe wimbo alioupenda. Nilifika mstari wa pili, koo likafunga. Sikumbuki kama nililia. Nakumbuka sauti ya Mama, mwenye msiba mwenyewe, ikiingia palepale nilipoishia, haikuacha hata nafasi ya pumzi, na nyuma yake wanawake wote. Mimi nikasimama tu. Baadaye hakuna aliyenipa pole wala kunisifu. Hata kuzungumzwa, halikuzungumzwa.

Alhamisi kwa Mzee zilikuwa nusu kuimba, nusu hadithi. Mama yake alikuwa akishona mavazi ya waigizaji kwenye jumba la opera la mji wao mdogo, miaka ya baada ya vita, na yeye alilala chini ya meza ya cherehani akisikia wafalme wakifa juu ya dari. Opera yake ya kwanza ilizomewa. Huko kwao, alinieleza, watu wakichukia opera hawaondoki. Wanakaa mpaka mwisho ili wamzomee mtunzi anapotoka jukwaani kuinama kuwashukuru.

"Ukafanya nini, Mwalimu?"

"Nikainama."

Ya pili watu waliipenda, yeye akaichukia. Ya tatu ilionyeshwa hapahapa Toronto, mara moja tu, katika dhoruba ya theluji, waimbaji wakiwa wengi kuliko watazamaji. Mkewe ndiye aliyeimba. Alikuwa sauti ya kwanza, walikuja Kanada pamoja, akafariki kabla sijamjua. Picha yake ilikuwa juu ya piano, imegeuzwa kidogo ili isimtazame anayepiga.

Kama mwalimu alikuwa mkali, wa kukutoa jasho. Alinifundisha kupumua nikiwa nimelala sakafuni na kamusi ya Kijerumani tumboni, na kamusi ikitikisika tunaanza upya. Hakuniita jina. Aliniita Soprano, yaani sauti ya kwanza. Na hakuwa na kuaga: somo likiisha alisema neno moja tu, "Alhamisi," akafunga mlango. Nilimpenda, hilo lazima niliseme. Na kuna siku nilimchukia mpaka nikashuka basi mapema, nikatembea kwenye baridi ili hasira ipoe kabla sijabonyeza kengele yake.

Maana baada ya dirisha vitu vingine viliendelea kuondoka. Bembelezo analoimba mwanamke akimkumbuka mtoto wake lilishushwa kwenye nota za chini. Lile tusi analomtupia mumewe, ambalo lilikuwa linaruka kama cheche, likashushwa pia, likawa kama mtu anayenung'unika jikoni. Kila nilipouliza, Mzee alikuwa na sababu: hofu hukaa chini, upweke ni rangi ya giza, mwanamke amechoka. Sababu zake zilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniudhi. Mimi aliyeniita Soprano nilikuwa sasa naimba wanakoimba shangazi zangu wa sauti ya pili, na hata huko nimebakiziwa nota chache za kuzungukia. Jioni nilikuwa natoka kwenye nyumba yetu Dixon, naingia kwenye ngazi za dharura, najaribu ile nota ya dirisha kuona kama bado ipo. Jioni moja ilipasuka. Nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa hasira, mpaka jirani wa ghorofa ya chini akafungua mlango kuuliza kama nimefiwa.

Sababu ya kweli niliijua kwa birika. Nilifika Alhamisi moja nikakuta mlango umerudishwa tu, nikaingia. Birika lilikuwa jikoni linapiga filimbi, ile filimbi kali ya kukutoa meno, mvuke umejaa mpaka sebuleni. Mzee alikuwa amekaa kwenye piano, mgongo kwangu, anaandika kwa utulivu. Kutoka alipokuwa mpaka kwenye jiko ni pua na mdomo. Nilizima moto. Filimbi ikafa, na yeye hakugeuka, maana kwake hakuna kilichokuwa kimebadilika.

Basi nikasimama palepale mlangoni mwa jikoni nikaimba dirisha. Niliimba kipande chote, kiti, theluji, mbwa, mpaka juu kabisa. Chini chini, mwanzoni kwenye nota za kifua, bega lake lilisogea. Nilipopanda, lilitulia. Juu kule nilikuwa peke yangu.

Yule mtu hakuwa anamshusha mwanamke. Alikuwa anaandika kile anachoweza kusikia. Kila masikio yake yalipopoteza nota, na chumba changu kilipunguzwa kwa kiasi hichohicho. Vifaa vya kumsaidia kusikia alikuwa navyo, ndani ya bakuli la sukari, na baadaye nilikumbuka kwamba aliwahi kuniambia vinaifanya piano isikike kama masufuria. Nilitaka kumpigia kelele. Nilitaka pia kumshika mkono. Lakini mtu mzima kama yule, mwalimu wako, utaanzaje kumwambia kwamba hasikii? Mimi sikulelewa hivyo. Nikamgusa bega, akashtuka, akatabasamu.

"Soprano," alisema. "Umechelewa. Nimepata kitu kizuri. Tutashuka kidogo."

"Ndiyo, Mwalimu."

Na sasa sikuweza kuondoka kabisa. Kabla ya hapo nilikuwa nafikiria kuacha, hata maneno nilikuwa nimeyaandaa kwenye treni. Lakini utamwachaje mtu ambaye katika dunia nzima ya waimbaji amebakiwa na sauti moja anayoisikia, na sauti hiyo ni yako?

Nilichoweza ni kumuuliza opera itaisha lini. Akasema mwisho hajauona. Mwanamke anaita mlangoni, mstari uleule mfupi ambao amekuwa akiurudia tangu mwanzo, *kuna mtu hapo?* Kisha ananyamaza na kusikiliza. Baada ya hapo Mzee hakujua. Mlango haufunguki wala ukuta hauvunjiki. Akaamua tuonyeshe kilichopo, mbele ya wanafunzi wake wa zamani, labda akikaa kama mtazamaji mwisho utamjia. Wazungu wa kanisani wakampa ukumbi uleule wetu, Jumamosi alasiri. Kimya kile cha mwisho alinifundisha kuliko wimbo wowote.

"Usihesabu," alisema. "Simama, weka sikio mlangoni, subiri. Subiri mpaka watu waone haya."

Mama alinisikia nikijifunza kila siku jikoni. Kwa kuwa Kijerumani kilinipa tabu, nilijifunza kwa desturi yetu, do re mi kwanza, kwa hiyo ule mstari wa mlangoni Mama alikuwa anaujua kama *so so la so mi*, na wakati mwingine alikata vitunguu akiuimba. Sikumwalika mtu. Mama ndiye aliyesimama kwenye matangazo Jumapili akasema mtoto wetu anaimba Jumamosi, tusimwache peke yake na wazungu. Siku ilipofika nikachungulia kupitia pazia, nikaona mbele wanafunzi wa zamani, watu wazima wenye skafu nzuri, kama dazani hivi, na Mzee katikati yao kwenye kiti cha mstari wa kwanza. Nyuma, mistari kadhaa ya vitenge. Kina mama wote wa kwaya. Wanaume walikuwa kazini. Chini ya viti kulikuwa na mahotipoti, na pilau ilinukia mpaka jukwaani.

Niliimba vizuri. Mwanafunzi wake mmoja wa zamani, aliyekuwa akipiga piano, alinifuata kwa upole, na mle ndani ya nota zangu chache nilijua kila kona, kama unavyojua chumba ulichokaa muda mrefu. Nilimtukana mume kwa kunung'unika. Nilimbembeleza mtoto asiyekuwepo. Nikafika kwenye mlango, ubao mmoja uliosimamishwa kwa miguu ya chuma, nikaita mara ya mwisho, *so so la so mi*, nikaweka sikio.

Kimya.

Ukumbi ulinyamaza vizuri mwanzoni. Bomba la joto liligonga ukutani. Mtu akakohoa. Kutoka pale niliweza kuona nyuso zote, nikaiona ya Mama, na nikaona inaanza kubadilika. Alikuwa ananitazama koo. Nilijua anachofikiri: mtoto amekwama. Nikatikisa kichwa kidogo sana, kumkataza. Yeye akaona mtoto anatikisa kichwa, hali ni mbaya.

Mama akasimama. "*So, so, la, so, mi*," akaimba, hivyohivyo kwa majina ya nota, kwa kuwa maneno ya Kijerumani hakuwa nayo. Kabla hajamaliza, sauti ya pili ikaingia chini yake, na kina mama wote wakawa wamesimama, mkono mmoja kwenye kitenge, wanaimba *mi mi fa mi do* kana kwamba wameufanyia mazoezi mwezi mzima. Ule mstari walikuwa wameshausikia mara nyingi saa ile, kwao ilitosha. Kisha wale wa sauti ya kwanza wakapanda juu ya Mama. Hakuna aliyewatungia walichoimba huko. Walikwenda moja kwa moja mpaka kule lilikokuwa dirisha langu, wakakaa huko, wakalifungua.

Niliona aibu. Nilikasirika. Nilitaka ubao uniangukie. Halafu nikagundua kwamba nalia, na sikio langu bado liko mlangoni, na upande wa pili kuna watu.

Mzee hakugeuka mara moja. Alikuwa ananitazama kwa furaha, akisubiri ndani ya kimya chake. Yule wa piano alikuwa ameweka mikono mapajani, mdomo wazi. Ndipo Mzee akakunja uso, akainamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikia mazungumzo nyuma ya ukuta, akageuka taratibu, akaona midomo yote ile. Kina mama walimaliza, wakaketi, wakarekebisha vitenge. Mama alinipa ishara ya kichwa: endelea au acha, ni hiari yako. Mtu akapiga kigelegele. Wanafunzi wa zamani wakapiga makofi wakitazamana.

Baadaye mahotipoti yakafunguliwa, na wenye skafu nzuri wakala pilau wakiwa wamesimama. Nikamfuata Mama.

"Mama, mimi sikukwama. Imeandikwa ninyamaze."

"Imeandikwa na nani?"

"Na Mwalimu."

Mama akamtazama Mzee kwa mbali, akiwa na kijiko cha kupakulia mkononi. "Mtu mzima anaketi na kuandika mtoto wa mwenzake akwame?"

Mzee alipokuja aliniomba nitafsiri. Alisema ni jambo ambalo hajalisikia maisha yake yote. Aliwaomba kina mama waingie kwenye opera. Angewaandikia sehemu yao, tungefanya mazoezi, tungeionyesha tena mwakani. Nilitafsiri. Mwakani. Niliuona mlango unafungwa tena, safari hii na mama yangu akiwa ndani.

"Mwambie Mwalimu wako asante," Mama alisema. "Lakini sisi hatukuimba wimbo wake. Tulikupokea wewe. Akinipangia siku ya kukupokea, nitakupokea nini na huna mzigo?" Akampakulia Mzee sahani, nyama nyingi. "Mwambie ale, amekonda."

Nilitafsiri yote, hata kukonda.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda. Mzee alikuwa ameketi kwenye piano, karatasi safi mbele yake. Hakuniambia nilale sakafuni. Alipiga kwa mkono wa kushoto *mi mi fa mi do*, taratibu, ule mstari wa chini wa kina mama, bila kukosea.

"Hii nimeisikia," alisema. "Lakini hii ni sauti ya pili. Sauti ya pili haisimami peke yake, iko hivi kwa sababu juu yake kuna kitu. Nimekaa nayo wiki nzima." Akatazama picha ya mkewe. "Juu walikuwa wanaimba nini?"

Hivyo ndivyo alivyoniambia kwamba hasikii. Hatukuwahi kulizungumza kabla ya hapo, na hatukulizungumza tena.

"Niimbie," alisema. Kisha akaweka kidole kwenye piano, chini, katikati ya nota zangu chache. "Ishushe tu. Ianzie hapa."

Niliweza kuishusha. Ningeishusha, angeisikia, angeiandika, na tungeendelea. Aliniangalia kama mtu anayeomba maji. Sijawahi kuona neno gumu kama lile.

"Hapana, Mwalimu. Hawakuimba hapo."

Nikaimba mahali pake. Sikusimama kama alivyonifundisha wala kama ninavyosimama kanisani. Nilipanda mpaka kwenye dirisha na ile nota ilikuwepo, imechubuka kidogo pembeni lakini ipo, na vyombo vikalia kabatini. Mzee aliweka kiganja juu ya mfuniko wa piano, akanitazama mdomo, koo, mbavu. Nilipomaliza aliendelea kutazama.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

Aliinama akaandika. Hakufuta kitu. Kalamu yake ilipanda juu ya mistari, juu zaidi ya alikokuwa amekwenda tangu nimjue, bila kugusa piano hata mara moja. Kisha akaweka kalamu chini, akanisindikiza mlangoni kwa ubavu, tukipita piano. Nilimsubiri aseme Alhamisi.

"Kwaheri," alisema. Alikuwa amejifunza neno hilo kwa kina mama, kwenye pilau. Akafunga mlango polepole.

Nilikuwa nimeililia ruhusa hiyo kwenye ngazi za dharura, kwenye chumba cha baridi, kwenye mabasi. Sasa nilisimama kwenye korido mbele ya lifti na mkono haukunyanyuka. Ndani alikuwa ameanza kupiga. *Mi mi fa mi do.* Sauti ya pili peke yake, taratibu, na kila alipofika mwisho alisubiri, kisha akaanza tena, akiacha juu wazi.

Nilirudi mpaka mlangoni kwake. Nikaweka sikio. Alipoanza tena nikampokea, juu kabisa, mahali pake, kwa sauti yote niliyokuwa nayo, mpaka jirani wa mbele akafungua mlango wake na kusimama na mswaki mdomoni. Mzee hakusikia hata nota moja. Tulimaliza pamoja.

Kisha nikaenda nikabonyeza kitufe cha lifti.